Sufuria Isiyoonjwa

Mama mdogo wangu Mbambu hali ngano. Sentensi hii ni fupi, na nimeisema sokoni, kanisani na matangani mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe, lakini bado sijampata mtu hapa Kindu aliyeisikia mpaka mwisho.

"Hata mkate?" watu huuliza.

"Hata mkate."

"Mandazi moja tu?"

"Mandazi pia ni ngano."

"Na chapati je?"

"Chapati pia."

"Aa, mutoto, chapati si ngano. Chapati ni mafuta."

Hapo mimi hunyamaza. Mama mdogo hanyamazi. Hukasirika, na akishakasirika watu husema kwamba wamejua tangu zamani, huyu mama ana majivuno.

Alizaliwa Lubero, kwenye milima ya Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo ngano huota nyuma ya nyumba kama mahindi yanavyoota kwingine. Huko kwao bukari, yaani ule ugali wa mihogo tunaokula kila siku, ilichanganywa na unga wa ngano ili ishikane vizuri. Alikula kama wenzake, akakonda peke yake. Tumbo lilivimba, miguu ikawa myembamba, na watoto wa shule wakamwita Kijiti. Kila muhula alinyweshwa dawa ya minyoo. Minyoo haikuonekana hata siku moja, lakini dawa haikusimamishwa.

Mwaka 1995 aliolewa na Muhindo, kijana mfanyabiashara aliyekuwa akishusha bidhaa kwa lori kwa njia ya Lubutu. Walihamia Kindu, wakafungua duka dogo katika mtaa wa Mikelenge, la sabuni, chumvi, betri na vitenge. Miaka ikapita bila mimba. Ndugu za mume wakaanza kumwandikia Muhindo barua kuhusu msichana mwingine wa Lubero, mwenye afya nzuri na nyonga pana. Barua hizo Muhindo alizisoma dukani, akafungia sabuni.

Kisha vita vikaja. Treni iliacha kufika. Ndege za mizigo zikawa chache, na zile chache zilibeba watu wenye bunduki. Unga wa ngano uliisha madukani, tanuru ya mwisho ya mikate ikazimwa, na kufika mwaka 2002, mji ulipozingirwa, kwenda shambani kuchimba muhogo kulikuwa ni kuaga nyumbani. Watu walikonda mpaka shati la mtu likaonekana ni la kaka yake.

Mbambu akanona.

Alinona kwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, isiyo na chumvi, kwa mihogo ya kuchemsha na mawese kidogo. Mashavu yalijaa, nywele ziliacha kung'oka, na hata kabla ya njaa ile kufika kileleni, katikati ya milio ya risasi, alikuwa amekwisha kumzaa binti yake, Daniella. "Nilifikiri Mungu amekosea nyumba," aliniambia mara moja.

Wengine hawakufikiri hivyo. Asubuhi moja watu watatu wenye bunduki walisimama mlangoni wakamtazama kwa muda mrefu.

"Mama, mashavu haya yanatoka wapi?"

"Kwa Mungu."

"Mungu anakuletea kwa gunia ao kwa debe?"

Walichimba sakafu mahali patatu. Walipata jembe lisilo na mpini. Wakaondoka na redio ya Muhindo. Majirani waliokuwa wakichungulia hawakusema kwamba nyumba ile haina kitu. Walisema amezika mbali. Tangu siku hiyo akawa na jina jipya mtaani: mama aliyenona wakati wa vita.

Amani iliporudi, unga nao ulirudi. Muhindo alileta mkate wa kwanza umefungwa kwenye gazeti, na mama mdogo alikula nusu yake akiwa amesimama, machozi yakimtoka kwa furaha. Ilikuwa kabla ya mvua za Septemba. Kufika Krismasi kitenge kilikuwa hakikai kiunoni. Alihara, alitapika, mimba mbili zikaharibika. Mtaa ulikuwa na maelezo tayari. "Ile alikula pekee yake wakati wa vita, sasa iko inamukula."

Ilipita miaka kumi na sita ya namna hiyo. Alitibiwa taifodi asiyokuwa nayo na amiba asiyokuwa nayo, akafungishwa saumu na mchungaji, akanyweshwa mizizi chungu kutoka Lubutu. Mwaka 2019 alikwenda Kampala na akina mama wanaonunua bidhaa za jumla, akaanguka kwenye kituo cha mabasi, wakamkimbiza hospitali. Huko daktari alimpitishia kamera kooni mpaka kwenye utumbo, akakata kipande kidogo cha nyama, akakipima. Ugonjwa una jina: seliaki. Ndani ya ngano na shayiri mna kitu kiitwacho gluteni. Mwili wa mgonjwa hupigana nacho, na katika kupigana huuharibu utumbo wake wenyewe. Hakuna kidonge. Dawa ni kuacha, maisha yote, hata chembe.

Daktari aliuliza kama kuna kipindi chochote alichowahi kuwa mzima.

"Wakati wa vita," mama mdogo alijibu.

Daktari akamwomba mkalimani aulize tena.

Mimi nilikuwa nimefika kukaa kwake mwaka huo kwa ajili ya chuo kikuu. Aliniwekea karatasi ya hospitali mezani, akasema, "Wewe unasoma. Soma." Nimekuwa nikiisoma mpaka leo.

Kiangazi hutuhurumia. Kuanzia Juni mihogo huloweshwa, huanikwa kando ya njia na juu ya mabati, nayo hukauka ikawa nyeupe kama chaki. Mama mdogo hununua vipande vizima, kamwe si unga, kwa sababu mashine ya kusaga ya mtaani husaga kila kitu, na kilichosagwa jana hutoka na cha leo. Tunatwanga wenyewe kwa kinu chetu. Mikono yangu imeota sugu ambazo wanafunzi wenzangu hawana.

Mvua zikianza, shida inaanza. Muhogo haukauki. Watu huukausha juu ya moshi wa jiko, nao hutoka mweusi, una harufu, na bukari yake hulegea. Basi wanawake wa mji mzima hutia konzi mbili za unga wa ngano ili iwe nyeupe na ishikane. Hawaoni kwamba wamechanganya. Kwao ni kutengeneza. Muuzaji akiulizwa kama unga wake ni muhogo mtupu, ataapa kwa jina la Mungu, na kwa moyo wake hasemi uongo.

Mchele ndio unaotuokoa, hasa mchele mpya wa Januari. Lakini hata mchele una kopo. Siku moja tulisimama mbele ya Bibiche, anayeuza mchele, unga na maharage kwenye meza moja, na kopo lake la kupimia lilikuwa limetoka kwenye unga muda huo huo.

"Pima kwa hili," mama mdogo alisema, akatoa kopo letu kwenye kikapu.

"Kopo yako njo kubwa, mama. Unataka kuniibia?" Njo, huku kwetu, ni ndiyo.

"Basi osha lako."

Bibiche alilipangusa kwenye kitenge chake, kitenge kilichokuwa cheupe kwa unga kutoka kifuani mpaka magotini. "Njo hiyo. Imetakata."

"Hujaosha! Umeongeza!"

"Mama Daniella, hii kopo inapimia bantu tangu nazaliwa. Haijaua hata muntu moja."

Tulirudi nyumbani bila mchele. Ndivyo tunavyorudi mara nyingi. Mimi husoma maandishi ya paketi kwenye maduka, ya biskuti, ya kiungo cha mchuzi, ya soseji za kopo, na nusu yake yameandikwa kwa lugha za nchi ambazo hata sizitambui. Nikishindwa, tunaacha. Kindu imejaa vyakula tulivyoviacha.

Hayo yote yangevumilika kama Daniella asingepata mchumba.

Mchumba aliitwa Dieumerci, kijana mpole, fundi wa umeme. Baba yake, mzee Okito, na mama yake, Françoise, walitoka Tunda wakakimbilia Kindu wakati wa vita, hawakurudi tena. Katika ukoo wao, mama wa binti hamtoi binti yake kabla hajala nyumbani kwa mvulana. Akila akamaliza, amekubali. Akisukuma sahani, ametukana. Na kwa kuwa huku kwetu hofu ya sumu imekaa ndani ya kila sahani ya ugenini, mwanamke aliyepika huonja kwanza mbele ya watu wote. Huonja chini kabisa ya chombo, maana watu husema juu kila mtu anaweza kuonja.

Siku iliwekwa Novemba, kwenye mvua.

"Mama, basi," Daniella alimwambia. "Siku moja tu. Kula halafu uugue, nitakuuguza mwenyewe."

"Umeniuguza miaka mingapi? Hujachoka?"

"Upande wao wanajua ile hadithi ya vita. Wanasema mama yangu hali na watu. Ukikataa, harusi imekwisha, na mimi njo nitabaki hapa nikikutwangia mihogo."

Mama mdogo akanituma mimi kwa Françoise, kwa kuwa mimi ndiye niliyeisoma karatasi. Sikulala vizuri usiku ule. Kuzungumza na watu nisiowajua ni mzigo kwangu. Lakini Françoise alinipokea jikoni kwake, akanikalisha kwenye kigoda, akasikiliza. Aliuliza maswali mazuri. Samaki wakaangwe bila kupakwa unga? Ndiyo. Kiungo cha mchuzi kiachwe? Ndiyo. Sombe iko sawa? Iko sawa. Alikubali kununua sufuria mpya kabisa na mwiko mpya.

"Kama njo ugonjwa, ni ugonjwa," alisema. "Sisi si banyama."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimetaja kila kitu isipokuwa kimoja.

Siku hiyo mvua ilipiga mabati tangu saa nne. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na katikati ya meza kulikuwa na bukari kubwa tatu, nyeupe sana, nyeupe kuliko muhogo wowote wa Novemba. Françoise alileta sufuria mpya, akaiweka mbele ya mama mdogo, akafunua. Wali, samaki katika mchuzi wa mawese, sombe pembeni. Harufu ilikuwa nzuri. Nilimwona mama mdogo akilegeza mabega.

"Onja, mama Dieumerci, bantu baone," mzee Okito alisema.

Françoise akafanya kama anavyofanya kila mwanamke wa hapa. Alimega tonge la ile bukari nyeupe ya wanaume, akalichovya ndani ya mchuzi, akazamisha vidole mpaka chini, akazungusha. Akala. Akamega tena, akazamisha tena. Mara tatu, kwa heshima, asije mtu akasema ameonja juu. Alipotoa mkono, vipande vidogo vyeupe vilibaki vikielea juu ya mafuta mekundu.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Nasikitika kuandika hivyo, lakini haikutoka.

Mama mdogo alivitazama vile vipande. Daniella alimtazama mama yake.

"Mama wa Lubero," alisema Sumaili, kaka mkubwa wa mzee Okito, mtu wa mizaha, "vipi, tuonje mpaka tuimalize? Sisi tuko tayari!"

Watu wakacheka. Mama mdogo naye akacheka. Akanawa, akala. Alikula samaki, akala mchuzi, akala wali wote, na mwishoni akapangusa sufuria kwa kidole. Wanawake walipiga vigelegele. Françoise alimkumbatia akilia.

Alianza kutapika tulipofika kwenye geti letu.

Aliugua wiki tatu. Na katika wiki tatu hizo hakuweza kusema anaumwa nini, kwa kuwa mtu akila nyumbani kwa wakwe akaanguka, mji mzima una neno moja tu la kusema. Neno hilo lingetosha kuvunja harusi na kuchoma nyumba ya Okito. Basi Muhindo alisimama dukani akawaambia wateja: malaria. Watu wakaja kumwona mgonjwa wa malaria, na mgonjwa huku kwetu huletewa mkate. Mkate ulijaa mezani. Kila mgeni alikata kipande akamsogezea mdomoni: kula, mama, upate nguvu.

Kwa Okito walikuwa wakifurahi. Sumaili alipita dukani akamwambia Muhindo kwa sauti kubwa, "Mumeona? Alikula na sisi, hakufa. Ule ugonjwa ulikuwa wa majivuno, tumemuponya!" Muhindo alimuuzia betri.

Wiki ya pili Françoise mwenyewe alikuja. Na mkate. Mama mdogo aliniashiria nifunge mlango.

"Mukwe wangu," alisema, "si malaria."

Françoise alikaa.

"Ni mkono wako. Ulichovya ile bukari. Ilikuwa na ngano."

"Kidogo tu! Muhogo ulikuwa mbaya, nilitia kidogo tu ipendeze, kwa ajili yako!" Kisha akaelewa lile lililokuwa likisemwa, akashika mdomo kwa mikono miwili. "Yesu. Mama Daniella, hiyo maneno usiitoe nje. Utaniua. Batasema nilikutilia kitu."

"Sijaitoa nje. Nimelala hapa siku kumi na mbili naisema malaria. Nimechoka kuisema malaria."

"Mimi nilionja ili usiogope!"

"Najua. Ndiyo maana nilikula."

Françoise alianza kulia, akaacha, akauchukua mkate wake kutoka mezani akauweka miguuni, kama mtu anayeficha kitu.

"Sasa harusini nitafanya nini?" aliuliza. "Bantu mia mbili watakuwa wanaangalia."

"Usionje."

"Nisipoonja, batasema nini?"

"Watasema. Juu yangu wamezoea kusema."

"Juu yako, ndiyo. Na juu yangu?"

Françoise aliondoka bila kuahidi chochote, na kuanzia siku hiyo mpaka Juni hatukujua atafanya nini. Daniella alishona gauni. Alikuwa akiniuliza mimi kila Jumapili kama nadhani mama mkwe wake ataonja, kana kwamba jambo hilo limeandikwa mahali fulani kwenye vitabu vyangu.

Harusi ilifungwa Juni, kwenye jua. Mihogo ilikuwa imekauka vizuri, lakini mikate na chapati zilikuwa zimerundikwa kila meza. Baada ya hotuba, Françoise alitoka jikoni na sufuria mikononi. Nilihesabu hatua zake. Aliiweka mbele ya mama mdogo, akafunua, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono.

Watu walingoja. Hakusogea.

"Françoise," Sumaili aliita, "umesahau kitu."

"Sikusahau, shemeji."

"Haujaonja!"

"Najua."

Mnong'ono ulianza kwenye meza za nyuma ukaja mbele. Mzee Okito alisimama nusu, akaketi tena. Nikaona Françoise amejishika viwiko kwa nguvu. Mama mdogo alivuta sufuria karibu, akazamisha mkono mpaka chini kabisa, mahali pale pale pa kuonja, akatoa tonge la wali, akalila akiwatazama watu wote mia mbili. Kisha la pili, kisha la tatu.

Wali haukuwa na chumvi. Tulijua baadaye: Françoise alikuwa ameogopa hata chumvi. Samaki hakuwa na kitunguu, sombe haikuwa na kitu chochote ila sombe. Mama mdogo alisema hajawahi kula chakula kibaya kama kile tangu mwaka 2002. Alikimaliza.

Hakuugua. Wiki moja ikapita, wiki mbili, yuko dukani anapanga sabuni. Daniella alikuwa kwa mumewe, na Françoise alipita kila asubuhi akitujulia hali kwa jicho la mtu anayehesabu siku. Nilidhani sasa, angalau sasa, mji umeona.

Mji uliona. Wiki ya tatu, mama mmoja nisiyemfahamu, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliingia dukani akiwa na kuku amefungwa miguu. Alingoja wateja waishe.

"Mama Daniella, mimi nataka ile dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya kukinga sumu. Uliyokula nayo kwenye harusi. Kila muntu anajua, hata hukuonjewa! Tena watu wanasema uko nayo tangu vita. Mutoto wangu anaolewa kule Kibombo, kwa bantu wabaya."

"Sina dawa," mama mdogo alisema. "Mimi siwezi kula ngano, njo hiyo tu. Nikila ngano naugua. Pale hapakuwa na ngano." Akaita ndani, "Leta karatasi!"

Nilileta karatasi ya Kampala, nikaanza kumsomea mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Yule mama alisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika kwenye shayiri. Kisha akatabasamu, akamgusa mama mdogo mkono.

"Nimeelewa. Si jambo la kusema mbele ya watoto."

Akamwacha kuku kwenye ngazi, akaenda zake.

Mama mdogo alipiga meza kwa kiganja mpaka betri zikaanguka. Aliniamuru nimrudishe yule kuku mara moja, na nimweleze vizuri, polepole, kwa maneno mepesi. Ilinichukua mchana mzima kuulizia nyumba. Nilimkuta yule mama akipepeta mchele uani. Nilisema kila kitu, nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mgeni. Alimtazama kuku, akanitazama mimi, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama mdogo anataka wawili.